Kuskani negativu za 35mm nyumbani: Epson V600, Plustek, kamera au simu tu?

Binti_Tanga: Wakuu habari zenu. Nina boksi la negativu za mzee, za rangi na za blakendi-waiti zimechanganyika, zote 35mm, zimekatwa vipande vya picha sita sita. Studio wanachaji kwa picha, ukipiga hesabu unachoka kabla hujaanza. Nyumbani nina printa yenye skana juu, nimelaza mkanda pale napata giza tupu. Ninunue skana ya Epson V600, nitafute skana ya filamu ya Plustek, au simu inatosha?

fundi_lenzi: Dada hiyo printa achana nayo. Taa yake iko chini, inamulika karatasi mwanga unarudi, sasa filamu inataka mwanga uipite kutoka juu, ndo maana V600 ina taa kwenye mfuniko. Kwa boksi zima mi nakupeleka hukohuko, unapanga vipande viwili yaani picha 12, unabonyeza unaenda kupika. Ila usibabaishwe na 6400 dpi (nukta kwa inchi) iliyoandikwa kwenye boksi, lenzi yake haifiki huko hata robo tatu, utajaza diski bure na picha haiongezeki chochote. Weka 2400, utapata kama pikseli 3400 kwa 2270, ukiprinti picha ya inchi 5 kwa 7 inatoka poa kabisa.

Otis254: Naona tofauti kidogo bro. Kama uko na kamera ya kubadilisha lenzi, tafuta lenzi ya makro ya 1:1 (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, kwa saizi yao halisi) na taa ya LED nyeupe ya kumulika filamu kwa nyuma, piga RAW (faili ghafi la kamera). Ukishafunga stendi vizuri kila picha ni sekunde chache na ukali unaishinda V600 mbali sana. Kugeuza rangi za negativu ziwe za kawaida tumia programu ya darktable, ni ya bure, iko na moduli inaitwa negadoctor.

fundi_lenzi: Sawa Otis lakini hajasema ana kamera. Makro, stendi, taa, kishikizi cha filamu, jumlisha hapo uone kama hujapita bei ya skana 😂

Mpemba_Muscat: Mimi natumia Plustek 8200i. Kwa 35mm inatoa picha kali kuliko V600, ila unasukuma fremu moja moja kwa mkono, umekaa palepale, na kama mzee ana filamu pana za 120 haziingii kabisa. Boksi zima lataka subira.

Binti_Tanga: Na vumbi je? Zingine zina mikwaruzo na zimejikunja kama ulimi wa kinyonga.

fundi_lenzi: Za rangi washa Digital ICE, inatumia infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kuona vumbi na kulifuta. Za blakendi-waiti IZIME, fedha iliyomo kwenye filamu inazuia infraredi kwahiyo mashine inadhani picha yenyewe ni uchafu, nyuso zinaharibika. Hizo pulizia kwa pampu ya mpira, usitumie mdomo, mate yanaacha madoa. Zilizojikunja ziweke ndani ya kitabu kizito siku kadhaa kwanza.

Otis254: Hapo kwa ICE nakubali 100%. Simu nayo itumie kuchagua tu: fungua ukurasa mweupe kwa tableti, inua filamu sentimita mbili tatu juu ya kioo ili pikseli za tableti zisionekane kwenye picha, piga, geuza rangi. Ya WhatsApp inatosha.

Binti_Tanga: Basi naanza na simu nichague zenye watu, halafu V600 ya mtumba. Mwenye nayo Dar aje inbox, ila kishikizi cha filamu kiwepo jamani.