Mrejesho: tumefungua makorokoro ya umeme mtaani

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama sisi vijana wa mtaa huku Mbagala tunaweza kukusanya redio, simu na tivii mbovu tuzifungue wenyewe tuuze shaba, maana wengine walikuwa wanachoma nyaya nyuma ya nyumba za watu na ule moshi wa plastiki ni sumu tupu. Mkanijibu inawezekana ila tivii za chogo, zile za zamani zenye mgongo mrefu, tuziogope.

Aisee mlikuwa sahihi! Jumamosi tulimwita fundi redio mmoja mzee, akachukua bisibisi ndefu kaifunga waya, ncha ya pili kaibana kwenye fremu ya chuma, akaipenyeza taratibu chini ya ile kofia ya mpira juu ya chogo, ikalia TAH! na cheche, wakati tivii yenyewe ilishachomolewa kitambo tu, kumbe umeme ulikuwa bado umebaki ndani. Watoto wote walirudi nyuma bila kuambiwa 😂

Nyaya tulimenya kwa wembe, kazi ya kuchosha vidole lakini shaba inatoka safi, na wa skrepa kaichukua kwa bei nzuri kuliko ile nyeusi ya kuchoma. Kuna dogo alitaka kuichokonoa kwa kisu betri ya simu iliyovimba, nikampiga kelele, tukaiweka kwenye ndoo ya mchanga.

Kimebaki kitu kimoja, vioo vya chogo tisa. Vina madini ya risasi (lead) ndani, ni sumu, kuvunja hatutaki, na skrepa hawavitaki hata bure. Saizi vimejaa stoo kwa mama na kila siku ananiuliza vinaondoka lini. Anayejua kwa kuvipeleka hapa Dar anishtue.