Crown iliyoshushwa karibu iguse lami: mtindo huu umetoka wapi?

Mkazi wa Kamalondo (Lubumbashi)
Ndugu zangu, mdogo wangu amenunua Toyota Crown iliyotumika Japani, ambayo imepitia Dar es Salaam na Kasumbalesa hadi kufika kwetu. Imeshushwa kiasi kwamba kidole hakipenyi kati ya tairi na madigadi, tairi zenyewe zimelalia ndani upande wa juu, viti vimevishwa lesi nyeupe, na kwenye kioo cha dereva inaning'inia kamba nene ya dhahabu yenye fundo na vishada. Majirani wamekwisha kukata shauri kwamba ni hirizi. Je, hayo yote yana maana gani, na tuiache gari kama ilivyo?

Fundi wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi)
Ndugu, huo ni mtindo ambao Wajapani huuita *bippu*, yaani herufi V, I na P zikisomwa kwa mkupuo kama neno moja. Simulizi inayojulikana zaidi inauanzisha Osaka na miji ya jirani, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana waliozoea kushindana mbio usiku walichoka kufukuzwa na polisi, wakahamia magari makubwa ya milango minne, ambayo askari aliyaona kuwa ya wazee wenye kazi zao. Inasemekana pia kwamba watu wa yakuza, yaani magenge ya wahalifu wa Japani, ambao Mercedes zao zilikuwa zimeanza kuwatambulisha mno, walifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mtindo huu una tabia mbili zinazogombana: kujificha, na papo hapo kudai heshima.

Wakati nao uliwasaidia. Nissan Cima ilitoka mwaka 1988, Toyota Celsior (ambayo nchi nyingine ziliijua kama Lexus LS 400) ikafuata mwaka 1989, na mwaka huohuo Japani ikaifuta kodi ya zamani iliyoyaelemea magari makubwa. Fedha ilipokuwa nyingi, gari la bosi likawa jambo la kutamaniwa na kijana.

Mwana wa Ibanda (Bukavu)
Naomba niitetee ile kamba. Wajapani huiita *fusa*, na iliyoipa umaarufu katika magari ni kampuni ya Junction Produce. Ni pambo, lakini linamkumbusha Mjapani kamba zinazotundikwa kwenye mahekalu ya Kishinto kuonyesha mahali patakatifu, na ile kamba nyeupe anayofungwa kiunoni bingwa mkuu wa sumo. Majirani, basi, hawakukosea sana! Lesi nayo imetoka katika teksi na magari ya wakubwa, kama Toyota Century iliyoanza mwaka 1967, ambamo mwenye cheo huketi nyuma na dereva huendesha polepole. Mbio hazina nafasi hapo. Sisi tuliokua tukiwaona masapeli, wale wapenda mavazi ya fahari wa Kongo, wakitembea taratibu ili kila mshono uonekane, tungepaswa kuwaelewa watu hawa kuliko wote.

Dereva wa Birere (Goma)
Maelezo ni mazuri, ila hapa kwetu, penye mitaa ya mawe ya volkano, gari hilo lingeacha bampa kabla ya saa sita mchana. Hata sheria ya ukaguzi ya Japani hudai sentimita 9 chini ya gari. Ule ulalo wa tairi Wajapani huuita *oni-kyan*, na *oni* ni zimwi. Nao hula tairi upande wa ndani, ambao mwenye gari haangalii mpaka nyuzi zitokeze.

Mkazi wa Kamalondo (Lubumbashi)
Asanteni sana. Nimeinama kutazama, na kweli nyuzi za tairi ya nyuma zimeanza kuonekana. Mdogo wangu amekubali tuweke springi za kawaida na kuzisimamisha tairi, kwa sharti kwamba lesi na kamba visiguswe.