Kompyuta ya mezani inazima na kuwaka upya yenyewe wakati wa kuwaka: nianze na pawa saplai, RAM, Windows au mazabodi?

Nyuzi_Tisa
Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie kulinganisha, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mashine ni ya mezani, niliiunganisha mwenyewe miaka kadhaa nyuma na imenifanyia kazi vizuri mpaka hivi karibuni. Sasa hivi nikibonyeza swichi asubuhi inawaka, feni zinazunguka, nembo ya mazabodi (ile bodi kuu) inatokea, halafu pap, inazima na kujiwasha tena. Siku nyingine inafika mpaka vile vidoa vya Windows vinavyozunguka ndo inakata, siku nyingine hata nembo haijatokea. Inahangaika hivyo weee mpaka inakuja kuingia, na ikishaingia imetulia mpaka usiku, hata niipe kazi nzito haisumbui kabisa. Hakuna skrini ya bluu, hakuna mlio, hakuna ujumbe wowote.

Niliyoambiwa ni haya: badili pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine), badili RAM (kumbukumbu ya muda), piga Windows upya, au achana nayo weka mazabodi nyingine. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu na hii mashine ndo kazi yangu, kwa hiyo nataka nikinunua kitu kiwe ndicho.

kodi_usiku
Mi ningeanza na Windows kaka kwa sababu haikugharimu kitu. Windows imewekwa ijiristati yenyewe ikipata kosa kubwa, kwa hiyo skrini ya bluu inaweza kuja na kupotea hujaiona. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo huwa inakuletea ile sehemu ya kujirekebisha, ingia humo mpaka Startup Settings, chagua namba 9 ya kuzuia kujiristati, uone kama kuna kosa linaandikwa. Namba 4 ni Safe Mode, nayo ijaribu, ikiwaka vizuri huko basi huenda ni draiva (programu inayoendesha kifaa fulani). Zima na Fast Startup maana ile haizimi mashine moja kwa moja, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha asubuhi, na mi nimeona ikileta vituko vingi wakati wa kuwaka.

Mzee_wa_Solda
Kodi, nakubali ushauri wako wa namba 9 ila kupiga Windows upya hapana, tena asiguse. Rudi usome alichoandika: siku nyingine inakata hata nembo haijatokea. Muda huo Windows haijaanza kusomwa. Na kupiga Windows kwenye mashine inayokatika katikati ya safari ni kutafuta msiba wa mafaili.

Nyuzi, kesho asubuhi mashine ikiwa ya baridi, iwashe uingie BIOS, ile programu ya mazabodi yenyewe inayowaka kabla ya Windows (bonyeza Del au F2, inategemea mazabodi), halafu usiguse kitu, iache hapo hapo. Ikikata ukiwa ndani ya BIOS, basi Windows na draiva zake zimetoka kwenye kesi. Ikikaa humo muda mrefu imetulia, ikaja kukata pale tu inapoanza kupakia Windows, ndo tutarudi kwa Kodi. Hicho kipimo ni cha bure na kinagawa tatizo katikati.

Ila mimi kilichonishtua kwenye maelezo yako ni hiyo asubuhi. Mashine inayosumbua ikiwa baridi na kutulia ikipata joto, kitu cha kwanza ninachokifikiria ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza na kunyoosha umeme. Zile za majimaji zikizeeka majimaji ya ndani yanakauka, upinzani wake wa ndani unapanda, na baridi inaupandisha zaidi, kwa hiyo umeme unaotoka unakuwa na mawimbi badala ya kunyooka. Zikipata joto upinzani unashuka kiasi na mambo yanaenda. Sasa kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa kijivu, kazi yake ni kuiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa, saplai inaupa 5V kila kitu kikiwa kimetulia. Umeme ukiyumba ile alama inaondoka na mazabodi inaristati palepale, haisubiri kumwambia mtu. Ndo maana huoni ujumbe.

Stiki_Moja
Mzee shikamoo. Nakubaliana na hoja ya baridi ila RAM tusiiache nje haraka hivyo. Kama amewasha XMP au EXPO (mipangilio ya kasi ya RAM iliyoko kwenye BIOS), RAM inaendeshwa kwa kasi juu ya ile ya kawaida na kuna mashine zinashindwa kuiseti vizuri zikiwa baridi, zinajiristati zenyewe mara kadhaa ndo zinakubali. Kwa hiyo Nyuzi zima hiyo XMP, halafu toa stiki zote za RAM ubakize moja kwenye sloti ambayo kitabu cha mazabodi kimesema (mara nyingi ni ya pili kutoka kwenye prosesa), jaribu, kisha badilisha stiki. Ukiwa na nafasi weka MemTest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye fleshi uiache ifanye kazi usiku kucha. Hata kosa moja tu likitokea, hiyo RAM au mpangilio wake si salama.

Kama RAM yako ni ya aina ya DDR5 usishtuke ukibadilisha stiki skrini ikawa nyeusi dakika kadhaa, inajipima yenyewe, iache imalize.

Mzee_wa_Solda
Marahaba. Hoja yako ya XMP ina uzito. Ila RAM mbovu kawaida haitulii kutwa nzima chini ya kazi nzito. Ingeshafunga programu, ingeshaharibu mafaili, na skrini za bluu zingekuja kila moja na kosa lake.

Bi_Saketi
Naomba niongezee upande wa mazabodi kwa sababu kapasita za Mzee ziko na huko pia, kuzunguka prosesa. Chukua tochi umulike vichwa vyake. Kichwa cha kapasita nzima kiko bapa kabisa. Ukiona kimetuna katikati hata kidogo, au zile alama za msalaba juu yake zimefunguka, au kuna ukoko wa kahawia kwenye mguu wake, hapo umempata. Mazabodi nyingi za siku hizi zina kapasita kavu ambazo hazivimbi kwa namna hiyo, kwa hiyo kuona ziko safi hakumaanishi mazabodi ni nzima.

Ndani ya pawa saplai USIFUNGUE. Najua wengi mna hamu ya kuchungulia. Zile kapasita kubwa za upande wa umeme wa ukutani zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya na zinaua.

Kabla hujatoa hela fanya kitu kidogo ambacho watu wanakiruka. Pale chini pembeni ya mazabodi kuna pini zinazopokea waya za swichi za mbele ya kasha. Chomoa waya wa swichi ya kuristati. Tu huo, uweke pembeni. Swichi ikichoka ikawa inagusana ndani, mashine inapata amri ya kuristati bila mtu kubonyeza, na utanunua pawa saplai na mazabodi na tatizo litabaki pale pale. Na ya kuwashia nayo chomoa, uwashe kwa kugusanisha zile pini mbili na ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ukimaliza hapo kandamiza vizuri plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 ya prosesa, na ujaribu soketi nyingine ya ukutani bila eksitensheni.

panya_wa_usb
Mbona hakuna aliyesema kuapdeti BIOS? Mi ilinisaidia.

Bi_Saketi
Mdogo wangu, apdeti ya BIOS ni nzuri kwa mashine iliyotulia. Hii inakata bila taarifa. Ikikata katikati ya kuandika BIOS mazabodi inaweza kufa moja kwa moja, na siyo zote zina njia ya kuirudisha. Asiguse kabisa mpaka ipatikane sababu.

Nyuzi_Tisa
Asanteni sana, nimeanza na vya bure. Waya wa kuristati nimechomoa, bado. XMP nimezima na nimejaribu stiki moja moja, bado. Nimeiacha kwenye BIOS asubuhi, imekata ikiwa humo humo. Kapasita za mazabodi vichwa viko bapa. Ila kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) nimekuta Kernel-Power 41 nyingi, si ndo inasema pawa saplai hiyo? Na multimita ninayo, nipime wapi?

Mzee_wa_Solda
Hapana, jina linadanganya watu wengi. 41 inasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua maelezo yake utafute BugcheckCode, ikiwa 0 maana yake hakukuwa na skrini ya bluu, mashine ilikatika umeme, iliristatiwa au iliganda. Ni ushahidi wa pembeni.

Kipimo cha BIOS ndo kikubwa, Windows imetoka. Kupima: tafuta plagi ya pini 4 ya vifaa vya zamani, waya wa njano ni 12V, mwekundu 5V, mweusi ni ardhi. Kama waya zako zote ni nyeusi fuata mchoro wa plagi, usikisie. 12V inatakiwa iwe kati ya 11.4 na 12.6, 5V kati ya 4.75 na 5.25. Pima mashine ikiwa inawaka, siyo imechomolewa, maana ule mtindo wa kugusanisha waya wa kijani na mweusi unaonyesha tu kwamba saplai inaweza kuwaka, hauonyeshi kama inabeba mzigo. Na ujue multimita inasoma taratibu, umeme ukizama kwa kufumba na kufumbua haitaona. Namba mbaya inaihukumu saplai, namba nzuri haiiachii huru. Kipimo cha kweli ni kuazima saplai nzima uifunge.

Bi_Saketi
Ukiazima, azima NA WAYA ZAKE. Kwa zile saplai za kuchomoa waya, usitumie waya za zamani kwenye saplai mpya hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa saplai kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, unaweza kupeleka 12V pasipotakiwa ukaunguza diski zote mara moja.

Nyuzi_Tisa
Nimerudi wakuu. 12V ilisoma 11.9 kwa hiyo multimita haikunisaidia kama Mzee alivyosema. Nimeazima saplai kwa rafiki na waya zake zote, asubuhi imewaka moja kwa moja mpaka Windows. Sikuamini, nikarudisha ya kwangu ikalala usiku, asubuhi ikaanza tena kukata. Nikafunga ya rafiki, safi. Sasa kwenye kununua niangalie nini, wengine wananiambia nichukue yoyote yenye 80 Plus Gold.

Mzee_wa_Solda
Vizuri sana kuirudisha ile ya zamani, wengi hawafanyi hivyo na ndo kilichothibitisha. 80 Plus inapima ni umeme kiasi gani unapotea kuwa joto, haisemi kapasita za ndani zitadumu. Angalia kadi yako ya grafiki mtengenezaji amependekeza wati ngapi, usishuke chini ya hapo. Baada ya hapo angalia miaka ya waranti, kampuni inayotoa miaka 7 au 10 imeweka vitu vya maana ndani. Iliyotumika usichukue, utanunua uzee ule ule. Na hiyo mbovu usimpe mtu, iandike kwa maka pen kwamba ni mbovu.

kodi_usiku
Ukishafunga mpya usianze kazi kwanza. Mashine imekatwa katikati mara nyingi mno, hapo mafaili yanaweza kuwa yameumia. Nakili data yako muhimu kwanza, halafu fungua Command Prompt kama msimamizi upige `chkdsk C: /f` ya kukagua diski, itakuuliza ifanye ukiristati, kubali. Ikimaliza piga `sfc /scannow` ya kukagua mafaili ya Windows. Ikileta mafaili iliyoshindwa kurekebisha weka hapa nione.