Tupeane uzoefu: wanafunzi wa udaktari na wa unasi (uuguzi), wodini mnaelewana kweli?

BintiTudor: Watu wangu wa Mombasa mliopitia wodini mkiwa wanafunzi, njooni hapa. WHO, lile Shirika la Afya Duniani, tangu 2010 wanasema wanafunzi wa fani tofauti za afya wasome pamoja wangali chuoni. Huku kwetu wa udaktari anasoma miaka sita kivyake, wa diploma ya unasi miaka mitatu kivyake, wanakuja kukutania kitandani kwa mgonjwa kila mtu na koti lake na maringo yake. Mie ni wa unasi, naona sisi ndio tunaotaka haya mambo ya kushirikiana, wenzetu wanaona wanashushwa. Ama nasema uongo?

MamaMahamri: Huongopi. Nilikuwa shifti ya usiku wodi ya wanaume, asubuhi raundi ikaja, wa udaktari wakazunguka kitanda mpaka mie nikabaki nyuma ya pazia na chati yangu mkononi. Konsaltanti, yaani daktari bingwa, akauliza mkojo umetoka kiasi gani tangu jana, kimyaa, mmoja akaanza kuhadithia figo zinavyofanya kazi 😂. Nikasema huko huko nyuma, mililita 150 usiku kucha, mfuko nimeuangalia mwenyewe. Raundi nzima ikanigeukia. Toka siku hiyo naitwa sista, zamani nilikuwa "wewe hebu".

DokLikoni: Sasa mbona mnatupaka hivyo jamani. Ukiingia wodini mara ya kwanza hujui hata glavu zakaa wapi, ukimuuliza nasi mkubwa unajibiwa "si wewe ndiye daktari", basi mtu anaona heri anyamaze aonekane ana maringo kuliko achekwe. Aliyenifunza kuweka kanula, ule mpira mwembamba wa dripu unaoingia mshipani, kwa mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara ni mwanafunzi wa diploma, akaniambia wacha kuutafuta mshipa kwa macho, papasa na kidole, vuta ngozi kidogo, ingia taratibu, ukiona damu laza sindano, ingiza kidogo tu, halafu sukuma ule mpira peke yake, sindano yenyewe usiisogeze tena. Mwalimu wetu hakuwahi kunieleza hivyo wallahi.

ShangaziKongowea: Wanangu haya hayakuanza na nyinyi. Madaktari waligoma siku 100, Disemba 2016 mpaka Machi 2017, wakarudi, Juni tukatoka sisi manasi mpaka Novemba. Kila upande ukabaki na kinyongo kwamba mwenzake hakusimama naye, nanyi mliokuja nyuma mkarithi ugomvi wa watu wazima. Afadhali tiata, chumba cha upasuaji, maanake ile cheklisti ya WHO yataka kabla ya kisu kila mtu ataje jina na kazi yake. Kuna kijana wa udaktari tulikuwa naye muda mrefu tu, siku hiyo ndio akajua naitwa nani.

BintiTudor: Shikamoo shangazi. Hiyo ya mgomo sikuwa nimeifikiria kabisa, sisi tulidhani ni dharau tu za kuzaliwa nazo.

KijanaWaMaabara: Na sisi je? Mnatukumbuka damu ikiganda kwenye chupa tu, na hapo daktari na nasi mnaelewana vizuri sana kutupigia kelele 😅