Yule muuza raketi mnayemjua wote leo kaniita SINIA mbele za watu!!!

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka simu inateleza mkononi.

Yule bwana wa raketi, na msijifanye hamumjui, nani humu hajapigwa na yule? Jioni hii nimemfuata kwa adabu zangu zote: kaka, naomba raketi yenye mpini wa saizi yangu. Muuzaji mwenye akili anachukua rula. Unanyoosha kiganja, anapima kuanzia ule mstari wa katikati mpaka ncha ya kidole cha pete. Ikisoma inchi 4 na robo ni namba mbili, 4 na nusu ni namba nne, kwisha habari. Yeye kanikamata mkono, kauinua juu kila mtu auone, akatamka: "Hiki siyo kiganja, hili sinia! Mpeni namba tano."

SINIA!

Watoto wa mazoezi wakacheka. Mama zao wakacheka. Mlinzi ambaye hajawahi kuonekana macho tangu uwanja ujengwe, kaamka akacheka.

Hiyo namba tano naishika, mnajua tena, kati ya ncha za vidole na kiganja panatakiwa paingie kidole kimoja cha mkono wa pili. Kwangu vimeingia viwili na chenji imebaki. Namwambia bwana, Nadal, yule bingwa wa tenisi, na misuli yote ile alitumia namba mbili. Kanijibu: "Nadal hana sinia." Namwambia mpini mdogo unaongezeka, nazungusha tepu juu yake napanda kama nusu saizi, huu mkubwa nitaupunguzaje, kwa randa? Kamgeukia mteja mwingine: "Subiri kidogo, Sinia anaondoka."

Yaani sinia. Mimi. Mbele ya watoto.

Mkwezi Mstaafu: Pole mkuu. Ila uzi bila picha ya kiganja haujakamilika.

Kijana wa Kimara: Shikamoo Mzee Sinia.

Shangazi Kaja: Huyo huyo! Mie alinipa mpini mwembamba, raketi inanizunguka mkononi, naibana kwa nguvu zote mpaka kiwiko kikawaka moto. Kurudi kulalamika, ananiambia "Mama, tenisi siyo kusonga ugali." Niliondoka nalia.

Mleta uzi: Pole Shangazi, lakini wewe hukuitwa sinia.

Fundi Nyuzi: Nawafungia watu nyuzi kila siku, nayaona. Wanakuja na namba nne, kifundo cha mkono hakigeuki, sevu, lile pigo la kuanzisha, inaishia kwenye neti, halafu wanasema nyuzi zangu mbovu. Ukibaki kati ya saizi mbili chukua ndogo. Na rula ni ya kuanzia tu, lazima upige mipira kadhaa ndiyo ujue.

Mleta uzi: Asante fundi. Kwa hiyo kwa macho yako mimi ni sinia?

Fundi Nyuzi: Weka picha.

Kijana wa Kimara: Swali dogo, hiyo namba tano uliinunua?

Mleta uzi: Hilo siyo mada.

Kijana wa Kimara: 😂😂😂 KAINUNUA

Mtoto wa Pwani: Nimesoma uzi wote nikijua mnaongelea raketi ya mbu.

Shangazi Kaja: Usinitajie hizo! Yangu siku ya kwanza cheche mpaka majirani wanachungulia. Siku ya pili mbu anapita katikati ya nyavu anaenda zake.

Mkwezi Mstaafu: Yangu ilimpiga shoti mjukuu, mbu hata mmoja haijaua.

Mleta uzi: Wadau turudi kwenye mada. Mtu kaitwa SINIA humu.

Mtoto wa Pwani: Shangazi, yako ya kuchaji au ya betri?

Shangazi Kaja: Ya kuchaji mwanangu. Yale meno ya kuchomoa chini ya mpini, moja limekatikia kwenye soketi. Sasa hata pasi siwezi kuchomeka.

Fundi Nyuzi: Zima swichi kubwa kwanza, halafu nitumie picha ya hiyo soketi.