Dasatinibu au nilotinibu: ipi ina unafuu?

Kaka_Mkubwa: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana saratani ya damu ile sugu, CML. Anameza imatinibu tangu mwaka juzi, sasa daktari anasema imegoma, tuchague dasatinibu au nilotinibu. Ukoo tunachanga, Ijumaa tunatakiwa tuwe na jibu. Ipi ina unafuu?

Fundi_Kibaha: Pole sana mkuu, ila swali ni nusu. BCR-ABL yake, kile kipimo cha damu cha jeni ya saratani, ni asilimia ngapi? Kuna miezi aliruka dawa? Kipimo cha mabadiliko ya jeni kimefanyika? Akikutwa na T315I, badiliko moja la jeni, hizo dawa zote mbili hazimgusi, mtamaliza mchango bure. Na sukari anayo? Nilotinibu inaipandisha, tena si nzuri kwa mwenye shida ya moyo.

Mama_Neema: Mimi nilotinibu, mwaka wa nne, BCR-ABL yangu iko chini ya asilimia 0.1. Siiachi. Masharti yake ni tumbo: asubuhi na jioni, masaa mawili kabla usiwe umekula, na baada ya kumeza usubiri lisaa limoja. Mimi ni mama ntilie, ikabidi binti yangu ndiye awe anaonja mchuzi.

Mzee_wa_Tanga: Dasatinibu. Hesabuni vidonge: nilotinibu kwa aliyeshindwa na imatinibu ni miligramu 800 kwa siku, yaani kapsuli nne za 200. Dasatinibu ni 100, mara moja, umekula hujala sawa. Na nakala zake za India zipo.

Dada_Likoni: Mzee, shikamoo, ila hesabu yako haijaisha. Mume wangu alikuwa kwenye hiyo dasatinibu. Mwezi wa saba akaanza kukohoa, kupanda ngazi hawezi. Hospitali ya kwanza wakasema nimonia, sindano siku saba. Hakupona, wakaanza kumpima kifua kikuu. Wiki tatu hakuna aliyemuuliza anameza nini kila siku, na mimi sikujua kama lina maana, ningesema. Hospitali ya pili wakapiga picha: maji yamejaa upande mmoja wa mapafu. Wakayatoa kwa sindano, dawa ikasimamishwa, akarudishwa kwa miligramu 70. Sasa yuko salama, alhamdulillahi, lakini bodaboda yetu iliuzwa kulipia kitanda. Ukilinganisha bei, weka na hiyo.

Mzee_wa_Tanga: Marahaba binti, poleni sana. Maji hayampati kila mtu lakini.

Jirani_Mwanza: Za India mnaziamini? Mimi ningenunua ya kampuni yenyewe hata kwa kuuza shamba.

Fundi_Kibaha: Usiuze shamba, ndugu yangu. Nakala si bandia, ni dawa ile ile iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliikatalia kampuni ya Novartis hataza ya Glivec, yaani hiyo imatinibu yao, na watu wengi wako hai kwa hizo nakala. Bandia ni ile ya kuletewa kwenye begi bila risiti. Bei nayo si kipimo cha ubora. Uingereza mwaka 2012, NICE, wale wanaoamua dawa zipi serikali ilipie, walikubali nilotinibu, wakakataa dasatinibu pamoja na imatinibu ya dozi kubwa. Mwaka 2016 wakaikubali dasatinibu pia, baada ya kampuni kushusha bei. Kidonge ni kile kile. Na zote mbili zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2017. Bima wakigoma, waambieni hivyo. Ulizeni pia kama kliniki yenu inapokea dawa kupitia The Max Foundation, shirika la hisani linalosaidia wagonjwa kupata dawa hizi.

Jirani_Mwanza: Risiti nayo inaghushiwa.

Kaka_Mkubwa: Nimempigia. Kipimo cha jeni hakijafanyika. Sukari hana, ila vidonda vya tumbo anavyo, anameza omeprazole. Na amekiri mwaka jana alikaa miezi miwili bila dawa, alikuwa machimboni Geita.

Fundi_Kibaha: Miezi miwili! Mwambie daktari hilo kabla hamjatoa hata shilingi. Huenda si dawa iliyogoma. Na omeprazole inaizuia dasatinibu isiingie vizuri mwilini, naye alijue.

Mama_Neema: Bado yuko huko machimboni? Analala na nani wa kumkumbusha?

Kaka_Mkubwa: Yuko peke yake, mama. Naangalia basi la kesho.