Mtoto anakohoa tangu kuzaliwa na moyo wake uko kulia: matibabu yakoje?

Mama wa Arua:
Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 6 anakohoa makohozi tangu azaliwe. Alizaliwa kwa miezi yake kamili, lakini aliwekewa oksijeni siku ileile, na tangu hapo kamasi haikauki na masikio hutoa usaha. Amekwisha kumezeshwa dawa za kifua kikuu, ingawa kipimo cha GeneXpert hakikuona vijidudu. Juzi mpiga eksirei alirudia picha akidhani ameigeuza, kwa kuwa moyo ulionekana upande wa kulia. Ya pili ikatoka vilevile. Daktari ametaja diskinesia ya silia, akatuandikia barua ya kwenda hospitali ya Mulago, Kampala. Je, ugonjwa huu una dawa? Na huyu niliye na mimba yake atakuwa nao?

Muuguzi, Jinja:
Pole sana, mama. Silia ni vinyweleo vidogo mno vilivyo ndani ya njia ya hewa, ambavyo husukuma makohozi kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Kwa watoto wenye diskinesia ya silia havisogei, au husogea ovyo. Silia pia hupanga pande za viungo mimba ikiwa changa, ndiyo maana karibu nusu ya wagonjwa wana moyo upande wa kulia. Mtoto huugua akirithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili, wao wakiwa wazima, na kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25. Hukumkosea mwanao kwa lolote. Dawa ya kuuponya haipo, lakini mapafu hulindika.

Mtaalamu wa mazoezi ya tiba, Kampala:
Ulinzi wenyewe ni kuyatoa makohozi kila siku, asubuhi na jioni, hata siku anapoonekana mzima. Chukua chupa safi iliyo wazi juu, tia maji ya kina cha sentimita 10 hivi, ingiza mrija mwembamba wa mpira hadi chini, kisha mtoto apulize polepole maji yatoe mapovu, bila kuyavuta mdomoni. Baada ya mapovu kadhaa, atoe pumzi kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo, halafu akohoe na kutema. Maji yabadilishwe na chupa ioshwe kila mara. Mwombe mtaalamu wa hapo hospitalini awaonyeshe kwanza.

Mama wa Arua:
Ahsanteni sana. Usiku akikohoa mno, nimpe dawa ya maji ya kutuliza kikohozi?

Muuguzi, Jinja:
Usimpe, mama, kwa sababu kikohozi ndicho kinachofanya kazi ya silia. Makohozi yakiongezeka au yakibadilika rangi, mpeleke mapema apewe antibiotiki, na ikiwezekana makohozi yapimwe maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba antibiotiki iitwayo azithromaisini, ikitumiwa mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, ilipunguza vipindi vya ugonjwa kuzidi ghafla kwa takribani nusu kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 7. Hata hivyo, uamuzi huo ni wa daktari, tena baada ya kuhakikisha hana kifua kikuu. Asikae karibu na moshi wa sigiri, na mkifika Mulago ombeni apimwe usikivu, kwani masikio yanayotoa usaha humfanya mtoto asisikie vizuri darasani.